Ukuta Usiopigwa Lipu: Niliyojifunza Nikimjengea Mama Chumba Nyegezi

Mama alipokubali kutoka Magu kuja kukaa nami Nyegezi, jijini Mwanza, alitoa sharti moja. Chumba chake kiwe na mlango wake wa nje, asubuhi atoke zake bila kupita sebuleni kwangu. Nikasema sawa, tutaunganisha chumba ubavuni mwa nyumba, upande wa ghuba.

Upande huo ndio mgumu kuliko zote. Nyumba yangu iko mteremkoni, na ubavu ule unapokea jua lote la kuanzia saa tisa alasiri mpaka linapozama. Mvua ya radi ikija alfajiri na upepo wa ziwani, haianguki kutoka juu kama mvua nyingine. Inakuja imelala, inapiga ukuta kama mtu anayemwagia ndoo.

Na mimi nilitaka matofali ya kuchoma yaonekane, bila lipu, bila rangi. Nimekulia kwenye nyumba ya matofali hayo. Baba aliyafyatua mwenyewe na kuyachoma kwa pumba za mpunga, na rangi ile nyekundu jioni ikipigwa na jua naibeba moyoni hadi leo. Nilitaka mama aamke aione.

Ila nilikuwa nimeshaumwa mara moja. Miaka ya nyuma nilijenga stoo ya tofali moja la kuchoma, bila lipu nje. Masika ya kwanza ukuta ukatoa jasho ndani, magunia mawili ya mchele yakaota ukungu upande uliogusa ukuta. Tofali la kuchoma linakunywa maji. Hilo halina ubishi: liloweke kwenye ndoo utaona mapovu yanavyopanda. Mvua ikilipiga usiku kucha, asubuhi maji yako upande wa pili.

Binamu yangu aliyesomea ujenzi ndiye aliyeniambia nijenge kuta mbili zenye nafasi katikati. Ukuta wa ndani tofali za saruji za inchi 5, nafasi tupu ya inchi 2, kisha ukuta wa nje wa matofali ya kuchoma ya inchi 4 na nusu. Maji yakipenya tofali la nje, yanateremka mgongoni mwake mpaka chini na kutokea kwenye matundu. Hayana daraja la kuvukia kwenda ndani. Kwa Waingereza ukuta wa namna hii umekuwa wa kawaida tangu miaka ya 1920 na 1930, na siku hizi ile nafasi wanaijaza vitu vya kuzuia baridi. Sisi Mwanza hatupigani na baridi, kwa hiyo yetu tuliiacha wazi, na hewa iliyomo ikatusaidia pia kwenye joto la jioni.

Niliposikia maelezo hayo nikaona mambo ni mepesi. Kuta mbili, kamba, pima maji, basi. Sikufikiria swali moja ambalo ndilo lililonigharimu: ukuta wenye uwazi katikati unaishaje? Ukifika dirishani, ile nafasi inatazama wapi? Ukifika kwenye nyumba ya zamani? Ukifika juu, chini ya paa?

Fundi wangu wa kwanza alikuwa kijana mchapakazi. Simlaumu kwa uvivu. Alinyanyua kuta haraka, kona zake zilisimama. Lakini alikuwa amezoea nyumba za kupigwa lipu, na lipu inasamehe mengi. Kozi, yaani mstari wa matofali, ikipanda kidogo, lipu inameza. Pembe ya dirisha ikipinda, lipu inanyoosha. Alipofika kwenye madirisha, ile nafasi ya inchi 2 ikabaki inachungulia kama ufa wa mlango. Akaijaza vipande vya matofali na mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, akasawazisha kwa mwiko. Kwa mbali ilipendeza. Ukisogea unaona mstari wa kijivu umeshuka pembeni ya dirisha kama kovu la mshono.

Dirisha lenyewe tulilipanga la mita 1.5, kwa sababu ndiyo saizi niliyoizoea kuisikia kwa mafundi wa alumini. Matofali yangu yalikuwa na urefu wa kama milimita 228. Ukiongeza mstari wa mota wa sentimita 1, matofali sita yanakupa mita 1.44, na zile sentimita zinazobaki hadi 1.5 hazina tofali. Kijana akawa anakata vipande vyembamba kama sabuni ya mwisho na kuvipachika kila kozi ili kufidia. Kozi kumi na tano, vipande kumi na tano, kila kimoja na upana wake.

Mvua ya kwanza ya vuli ilikuja kabla hatujapaua. Tulikuwa tumefunika juu ya kuta kwa turubai, kwa hiyo maji yaliyoingia yaliingia kwa ubavu. Asubuhi nikaenda kuangalia. Ukuta wa ndani ulikuwa mkavu, isipokuwa sehemu mbili: pembeni mwa madirisha, pale pale palipojazwa vipande, kulikuwa na alama ya maji yenye upana wa kiganja kutoka juu mpaka chini. Na chini kabisa, karibu na jamvi, yaani sakafu ya zege, doa moja la duara. Nikachukua tochi ya simu nikamulika ndani ya uwazi kutoka juu. Mota iliyokuwa ikidondoka wakati wa kujenga ilikuwa imerundikana chini mpaka kimo cha kozi ya tatu, na vishikio vya waya vinavyounganisha kuta mbili vilikuwa vimebeba mabonge kama viota vya ndege. Kila bonge lilikuwa daraja.

Nilikaa kwenye rundo la mchanga. Nilikuwa nimeshatumia pesa nyingi, na mama alikuwa ananipigia simu kila Jumapili kuuliza chumba kimefika wapi.

Mwalimu mwenzangu shuleni ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayejenga kwa matofali ya kuchoma tangu ujana wake. Alikuja na baiskeli, akasalimia, "Mwadila," akazunguka ukuta bila kusema neno. Akaweka jicho kwenye pembe, akapapasa zile sabuni nyembamba kwa kidole gumba. Kisha akaniambia, "Mwalimu, ukuta huu una mwili mzuri. Mikono na miguu ndiyo haijavaa."

Nikamuuliza tubomoe kiasi gani. Akasema ukuta wote wa nje, ili tuutoe uchafu, na pembe za madirisha za ule wa ndani. Ilichukua siku tatu. Matofali mengi yalipona kwa sababu mota ilikuwa bado changa. Binamu naye alikuja jioni ya kwanza, wakazungumza na mzee huku wakichora ardhini kwa kijiti. Mengine yote niliyoyajua baadaye niliyajua kwa kusimama karibu na wawili hao.

Kabla ya kujenga tena, mzee alikataa kugusa mwiko. Alimtuma kijana wake amwage matofali yote chini, wakaanza kuchambua. Aligonga mawili mawili. Yanayolia kama chuma aliweka kulia, yanayolia kama mti mbichi akaweka kushoto. Yale yaliyokaa katikati ya tanuri yanaungua mpaka kuwa meusi na kupinda. Yaliyokaa pembeni yanabaki na rangi ya chungwa hafifu na ukiyakwaruza kwa msumari yanatoa unga. Nilikuwa nimenunua 2,000. Ukuta wa nje, ukitoa madirisha na mlango, ulihitaji kama 50 kwa kila mita ya mraba, kama 1,300 jumla. Yaliyofaa kuonekana yalikuwa 1,400 na ushee. Mengine yakaenda kwenye choo cha nje na kuzungushia bustani. Sikuona hasara. Tofali bovu moja usoni mwa ukuta usio na lipu utalitazama miaka yote utakayoishi pale.

Kisha akapanga kozi nzima ya kwanza bila mota, tofali kavu, kuzunguka chumba. Akaweka kidole chake katikati ya tofali na tofali kupima nafasi ya mota. Akasogeza, akarudi, akasogeza tena. Nusu siku ilikwisha hivyo, na saidia fundi walikuwa wananitazama kana kwamba wananionea huruma. Lakini ni hapo ndipo dirisha lilipobadilika kutoka mita 1.5 kuwa 1.44, na kila pembe ikaishia kwa tofali zima au nusu tofali, basi. Bahati yangu sikuwa nimelipia alumini. Leo nikisikia mtu anatoa oda ya madirisha kabla ya kujua urefu wa tofali lake, roho inaniuma.

Sasa pembe zenyewe. Hapa nataka nieleze polepole, kwa sababu ndipo nilipopotea.

Upande wa nje, kozi zilipofika dirishani ziliishia kwa zamu: tofali zima, nusu, zima, nusu, zote zimenyooka kwenye timazi. Mzee hakuacha timazi ikae kwa kukadiria. Aliininginiza kutoka kwenye mbao aliyoigongelea juu, akaidumbukiza ncha yake kwenye kopo la maji ili upepo wa ziwani usiichezeshe. Nusu tofali hazikukatwa kwa mwiko. Alizikata kwa grenda yenye kisu cha mawe, na upande uliokatwa daima ulitazama ndani ya ukuta, ule uliochomwa ukatazama nje.

Upande wa ndani, ukuta wa saruji haukuishia sambamba na ule wa nje. Tofali la mwisho lilikatwa na kugeuzwa ili livuke ile nafasi ya inchi 2 na kukaribia mgongo wa tofali la kuchoma. Lakini halikuligusa. Katikati yao alisimamisha mkanda wa nailoni nzito, ile ile tunayolaza juu ya msingi kuzuia unyevu, akaukata upana wa inchi 6 na kuuacha utokeze kidogo kuelekea fremu. Maji yakifika pale yanakutana na nailoni, yanateremka. Na fremu ya dirisha ikaja kukaa juu ya ule mstari, nyuma ya tofali la nje. Ukisimama nje unaona unene wa tofali moja tu, safi, halafu fremu. Ukisimama ndani unaona lipu imekuja mpaka kwenye fremu. Ile nafasi haionekani popote. Kijana wa kwanza alitafuta kuiziba, mzee akaificha nyuma ya kitu ambacho lazima kiwepo.

Juu ya dirisha ilikuwa kazi nyingine. Lenta ya zege ya mwanzo ilikuwa imemwagwa pana, imekalia kuta zote mbili, kwa hiyo nje kulikuwa na tumbo la kijivu kati ya matofali mekundu, na maji yalikuwa na njia ya wazi kuingia ndani. Tukaivunja. Ndani ikawekwa lenta yake. Nje matofali yakasimamishwa wima, kichwa juu, yamekalia chuma cha umbo la L kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Juu yake nailoni ikatoka ukuta wa ndani ikiteremka kwenda nje, na kwenye kozi iliyofuata tukaacha mistari miwili ya wima bila mota, maji yatokee hapo.

Ili mota isidondoke tena ndani, mzee alikuwa na ubao mwembamba wa upana unaopungua kidogo inchi 2, umefungwa kamba mbili. Aliulaza juu ya vishikio, akajenga. Alipokaribia mstari wa vishikio vinavyofuata, akauvuta taratibu na kamba zake, ukapanda na mota yote iliyodondoka, akaikwangua na kuirudisha kwenye karai. Kitu cha shilingi chache. Vishikio vyenyewe alikuwa anavipanga kwa zamu, kila sentimita 90 kwa ulalo na 45 kwa kwenda juu, na pembeni ya madirisha akavikaribisha zaidi. Kozi za saruji na za matofali ya kuchoma hazilingani kimo, kwa hiyo vishikio haviwezi kulala sawa kila mara. Aliniambia vikiinama viinamie nje, visiinamie ndani hata mara moja, kwa sababu tone la maji halichagui, linafuata mteremko.

Kwenye nyumba ya zamani tulibishana. Mimi nilitaka meno, yaani tutoboe ukuta wa zamani na kuingiza matofali mapya ndani yake, ionekane nyumba moja. Mzee akanipeleka kwenye msingi. Nyumba yangu, kama nyingi za Mwanza, robo yake imekaa juu ya jiwe lenyewe. Chumba cha mama nusu kiko juu ya jiwe hilo hilo na nusu juu ya udongo tulioujengea msingi wa mawe. Akasema, "Hii ya zamani imeshakaa. Hii bado inatafuta pa kukaa. Ukizifunga meno, mojawapo itamng'oa mwenzake." Binamu akamuunga mkono. Tukaacha mstari wa wima wa sentimita 1 kutoka chini mpaka juu, kuta zikashikana kwa vyuma vilivyopachikwa kwenye ukuta wa zamani, vinavyoruhusu kushuka kidogo, na ule mstari ukajazwa silikoni ya rangi inayokaribiana na mota. Nilidhani utanikera. Kwa kuwa umenyooka kama rula, jicho linaupita.

Kosa moja lilikuwa langu mwenyewe. Mchanga. Tulianza na lori la mchanga wa mtoni wa rangi ya kahawia, likaisha tukiwa kimo cha kifua, nami kwa haraka nikaagiza wa kwanza nilioupata. Ukaja mweupe. Mzee aliushika, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema saruji itafunika. Haikufunika. Siku mota ilipokauka, ukuta ulikuwa na mkanda: chini mistari ya kahawia, juu mistari myeupe. Tuliokolewa na jambo moja, kwamba alikuwa anaacha mota imerudi ndani sentimita 1 na nusu ili tupige pointi mwishoni, yaani tuijaze ile mistari kwa mota ya usoni. Tukatafuta mchanga wa kahawia, tukauchekecha kwa chekecheo ya unga, tukapiga pointi ukuta wote upya kwa mchanganyiko mmoja.

Hiyo pointi niliifanya pia kwa mikono yangu, Jumamosi tatu. Unapiga brashi mstari utoe vumbi, unaulowesha, unasukuma mota ndani kwa mwiko mwembamba, kisha unangoja. Kungoja ndiko kazi yenyewe. Ukibonyeza kwa kidole gumba, alama ikabaki lakini mota isigande kidoleni, hapo ndipo unapitisha kipande cha bomba la maji ukikandamiza, mstari unaingia ndani kama mgongo wa kijiko. Ukiwahi, mota inachafua uso wa tofali. Ukichelewa, inapasuka na kuwa nyeusi. Jua la saa tisa upande ule lilikuwa linanipa dakika chache tu, kwa hiyo tulihamia asubuhi na kuning'iniza magunia mabichi mchana.

Wiki chache baadaye ukatoka ukungu mweupe juu ya matofali. Nikaingiwa na hofu, nikausugua kwa maji na sabuni. Ukapotea, kesho kutwa ukarudi zaidi. Ni chumvi iliyomo kwenye udongo na saruji, maji yanaitoa nje na kuiacha usoni yanapokauka. Nilipokuwa naosha nilikuwa naiyeyusha na kuirudisha ndani. Brashi kavu, siku kavu, na subira. Jirani aliniambia nipake vanishi ing'ae. Nilikataa na ninafurahi nilikataa. Tofali lililofungwa vanishi likiwa bado na unyevu ndani halina pa kupumulia.

Juu, chini ya paa, nafasi ilizibwa kwa kozi moja ya saruji juu ya nailoni, kwa sababu mzee alisema nyuki wanapenda nyumba kama hiyo kuliko mizinga. Chini, kwenye kozi ya kwanza juu ya msingi, kila baada ya matofali manne kuna mstari mmoja wa wima ulioachwa wazi. Nilivisahau vitundu hivyo mpaka nyigu walipoanza kuvijaza udongo. Sasa kila kimoja kina kipande cha wavu wa mbu kilichokunjwa, na hata vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi haviingii. Gata nayo tuliiweka kabla mama hajahamia. Bila gata, maji ya paa yanarusha tope jekundu kwenye kozi za chini na kazi yote ya mistari inafutika kwa masika moja.

Masika yamepita mara mbili. Pembe za madirisha nazipapasa kwa ndani kila baada ya mvua kubwa, ni kavu. Ule mstari wa silikoni ulifunguka upande mmoja kwa unene wa ukucha, mwaka wa kwanza, nikauchokonoa na kuujaza tena.

Mwezi uliopita mama alitaka msumari ukutani nje, karibu na mlango wake, wa kutundikia ungo. Alikuwa ameshaushika msumari na jiwe la kupigilia, amelenga katikati ya tofali. Nikamwambia, "Subiri mama, si hapo." Nikaleta drili, nikatoboa kwenye mstari wa mota, nikaingiza kulabu. Akauliza kwa nini nahangaika hivyo. Nikamwonyesha: mota ukiitoboa vibaya unaijaza tena na mwiko, tofali likipasuka utalitoa wapi lenye rangi hii? Akaupitisha mkono wake juu ya kozi mbili tatu, akatundika ungo, akarudi ndani kuchagua mchele.